Paipu za stima za nje ya ukuta: namna ya kuzipanga zipendeze katika nyumba ya mawe ya Lamu

Kuchonga ukuta wa nyumba ya mawe ili kufukia paipu ya stima ni kuutia ukuta ugonjwa. Kuta za Mji Mkongwe ni matumbawe na chokaa. Ukichonga mfereji, lipu hupasuka pande zote mbili na mawe madogo hulegea, kisha fundi huziba kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu na chumvi vilivyomo ukutani hutafuta njia pembeni mwa kiraka, na baada ya misimu michache lipu iliyokizunguka huanza kubambuka. Paipu ikipita juu ya ukuta hauchimbi kitu ila matundu ya skrubu, na ikipangwa kwa akili huwa pambo la chumba.

Mambo mawili kabla ya kununua chochote. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo nyumba ikiwa ya zamani, zungumza kwanza na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Na kazi ya kuunganisha stima kwenye bodi (kisanduku kikuu cha stima cha nyumba) ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Kupanga njia, kupima, kukata na kufunga paipu unaweza kufanya mwenyewe pamoja naye.

Kuchagua paipu

Kwa vyumba vingi tunapendekeza PVC nzito ya milimita 20, nyeupe au nyeusi. Hewa ya bahari haiidhuru. Paipu ya chuma iliyopakwa zinki ina sura nzuri zaidi, lakini kila unapokata nyuzi za skrubu unaondoa zinki, na kutu huanzia hapo hapo. Kwenye ukuta mweupe wa chokaa, kutu huacha michirizi ya kahawia isiyotoka. Ukiichagua, paka nyuzi zote rangi ya zinki, na hakikisha kila kipande, boksi na swichi ya chuma vimeungwa na ardhi. Paipu ya shaba ya mabomba ya maji inavutia watu wengi siku hizi. Chumbani itakuwa kijani baada ya muda na kuupaka ukuta doa la kijani, na vifaa vyake havikutengenezwa kwa stima. Iacheni kwa maji.

Njia ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi huchukua pimamaji, anapiga mstari ulionyooka kabisa, na paipu ikishafungwa chumba kizima kinaonekana kimepinda. Sababu ni kwamba nyumba yenyewe haijanyooka: boriti za mikoko hupanda na kushuka, na ukuta una mawimbi. Paipu iliyonyooka ikipita sentimita 5 chini ya boriti zilizoinama, jicho linalinganisha na kuona kasoro. Chagua moja kati ya mawili. Ama paipu ifuate boriti kwa nafasi sawa mwanzo hadi mwisho, hata kama pimamaji inakataa, ama ishushe angalau sentimita 30 chini ya dari, ambapo jicho haliwezi tena kulinganisha, na hapo uifuate pimamaji. Zinazoshuka wima zifuate fremu ya mlango, kwa nafasi ile ile kila upande.

Usipite juu ya zidaka (vishubaka vya ukutani) wala nakshi za lipu, na usitoboe karibu nazo. Zungusha paipu, au ipitishe ukuta wa pili. Na paipu mbili zikienda pamoja, ziache nafasi ya upana wa paipu moja katikati, zipinde kona pamoja. Mistari miwili inayopinda sawasawa ndiyo inayomfanya mgeni aamini kwamba kazi hii ilikusudiwa.

Vifaa vya chumba kimoja

Chukua chumba cha ndani chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 2.7 na kimo cha mita 3.5, taa 3, swichi 2 na soketi 2 za plagi mbili mbili. Paipu ya taa na paipu ya soketi zinakwenda sambamba kwenye ukuta mrefu: mita 12. Mishuko ya swichi ni mita 3.8, ya soketi mita 5.2, na matawi ya taa chini ya boriti mita 4. Jumla ni mita 25, nunua 28.

Utahitaji pia maboksi ya duara 8, maboksi ya swichi 2 na ya soketi 2 ya kufungwa juu ya ukuta, adapta na bushi kwa kila paipu inayoingia kwenye boksi, gundi ya PVC, springi ya kukunjia ya milimita 20, na vibano kama 60. Chukua vibano vyenye kiti kinachoinua paipu milimita chache kutoka ukutani. Hewa ipite nyuma yake, la sivyo unyevu utakaa hapo na kuacha mstari mweusi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, urefu wa milimita 50, kwa sababu lipu peke yake inaweza kuwa na sentimita 2 au 3 na haishiki kitu.

Soketi zisikae chini sana. Sehemu ya chini ya kuta hizi hunyonya maji ya ardhini. Weka soketi sentimita 60 kutoka sakafuni.

Kufunga

Piga mstari wa uzi wa chaki, weka alama za vibano kila sentimita 60, na kibano kingine sentimita 15 kutoka kila kona na kila boksi. Toboa bila nyundo ya drili. Matumbawe ni laini na yana mashimo, nyundo itakuachia tundu lenye upana mara mbili. Tundu likilegea, sogeza kibano sentimita 5 na uzibe la kwanza kwa chokaa, si saruji.

Kata paipu kwa msumeno wa chuma, kisha futa ukingo wa ndani kwa tupa mpaka kidole kisihisi ukali. Ukingo mkali huchuna waya unapovutwa, na hitilafu yake hujitokeza baada ya miezi. Kukunja: ingiza springi mpaka katikati yake ifike kwenye kona, pindisha taratibu juu ya goti kupita kidogo pembe unayotaka, kwa sababu itarudi. Nusu-kipenyo cha mpindo kisiwe chini ya mara 2.5 ya upana wa paipu, na kona zisizidi 2 kati ya boksi na boksi.

PVC hurefuka kwa joto: mita 6 zikipata tofauti ya digrii 20 hurefuka karibu milimita 8. Kwenye mstari mrefu acha kapla moja (kiungo cha paipu mbili) bila gundi upande mmoja, na nafasi ya milimita 10 ndani yake, hasa kwenye kiwanda (ua wa ndani) panapopiga jua. Bila hivyo paipu itajikunja kati ya vibano na sura yote itaharibika.

Nyaya huvutwa baada ya paipu kufungwa: za milimita mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Nyaya 3 za 2.5 hupita kwa urahisi kwenye paipu ya milimita 20. Zikifika 6 na kuna kona 2, tumia milimita 25. Fundi apime ukinzani wa insulesheni ya nyaya kwa volti 500 kabla ya kuwasha, usipungue megaohmu 1, na bodi iwe na RCD (swichi inayokata stima ikivuja) ya miliampea 30.

Rangi ni ya mwisho. Chokaa haishiki PVC, itabambuka kwa maganda; ukitaka paipu ifanane na ukuta, isugue kwa msasa laini na uipake rangi ya mafuta. Na ukuta ukihitaji chokaa mpya, zima stima kwenye bodi, fungua vibano mstari mmoja baada ya mwingine, vuta paipu mbele kidogo upake nyuma yake, kisha uirudishe kwenye matundu yale yale.