Kupika Upya Sabuni Iliyoharibika: Hesabu, Maji na Makosa ya Kawaida

Kurudisha sabuni sufuriani hutibu mambo mawili tu. La kwanza ni hesabu iliyokosewa ya mafuta na kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. La pili ni sabuni ambayo hesabu yake ni sahihi lakini imeharibika umbo, rangi au harufu. Mengine yote hayaponi kwa moto. Mafuta yaliyokaa mpaka yakanuka yatanuka tena, na madoa ya rangi ya chungwa yanayojitokeza kwenye vipande vya zamani yatarudi baada ya wiki chache, mara nyingi yakiwa mengi zaidi. Sabuni ya namna hiyo ifulie matambara, usiipotezee mkaa.

Tazama pia kama kweli imeharibika. Unga mweupe unaojikusanya juu ya sabuni siku ya pili au ya tatu ni magadi yaliyotokana na kostiki kukutana na hewa. Upanguse kwa kitambaa chenye maji au pitisha kipande juu ya mvuke wa birika, basi. Watu wengi huyeyusha upya sabuni nzuri kwa sababu ya unga huo, wakaishia na sabuni mbaya kuliko ya mwanzo.

Kujua imezidi nini

Sabuni iliyozidi kostiki huwa ngumu haraka, hupukutika ukiikata, na wakati mwingine huwa na vishimo vyenye majimaji au chembe nyeupe zinazong'aa. Iliyozidi mafuta hubaki laini na yenye utelezi hata baada ya siku tano, ukiibonyeza inaacha mafuta kidoleni, na povu lake ni dogo. Kupukutika peke yake hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu sabuni yenye mafuta mengi ya nazi nayo hupukutika ukichelewa kuikata.

Kipimo cha uhakika zaidi ni matone ya finofthalini (phenolphthalein), inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Tone likibaki bila rangi au likawa waridi hafifu, sabuni iko salama. Likigeuka waridi iliyokolea papo hapo, kostiki ipo. Pima sehemu tatu, yaani katikati, pembeni na chini, maana kostiki haijigawi sawasawa. Wazoefu wengi hutumia ulimi: unalowesha kidole, unakisugua kwenye sabuni, kisha unagusa ncha ya ulimi. Ikichoma kwa mshtuko mkali, kostiki haijaisha. Ikileta ladha ya sabuni tu, imekwisha. Usifanye hivyo kabisa kwa sabuni yenye majimaji au chembe nyeupe zinazoonekana.

Karatasi za pH (za kupimia kiwango cha asidi na alkali) ukizibandika juu ya kipande kikavu hudanganya. Yeyusha gramu 1 ya sabuni kwenye mililita 99 za maji safi, ndipo upime. Kati ya 9 na 10.5 ni kawaida ya sabuni, na ikipita 11 tia shaka.

Hesabu kabla ya moto

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu huruka. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kwa gramu 1, mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 0.183, mawese 0.141, alizeti 0.135. Mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kutoka kwenye kokwa ya mchikichi, yanakaribiana na ya nazi, hayakaribiani na mawese, ingawa yote yametoka kwenye mti mmoja. Anayebadilisha mise kwa mawese bila kubadili kostiki amejipikia balaa.

Chukua mfano wa gramu 600 za mawese na 400 za nazi. Mawese yanataka gramu 84.6, nazi 73.2, jumla 157.8. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kwa ajili ya ngozi, unapata gramu 150.

Kosa kubwa kuliko yote katika nchi zetu ni kuchanganya kilo na lita. Mafuta huuzwa kwa lita, maelekezo huandikwa kwa kilo, na lita 1 ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Aliyepima mililita 600 na 400 kwa jagi ametia gramu 552 na 368. Mafuta hayo yanaweza kula gramu 145 tu za kostiki, naye ametia 150. Gramu 5 zilizobaki ndizo zitakazomchuna mtu mikono. Dawa yake ni nyepesi kwa kuwa kosa linajulikana: mafuta yaliyopungua ni gramu 48 za mawese na 32 za nazi. Ongeza hizo 80 wakati wa kupika upya, nawe umerudi kwenye hesabu yako ya awali.

Kosa la pili ni kostiki dhaifu. Ile inayofunguliwa dukani na kupimwa kilo kilo kwenye vifuko hunyonya unyevu na hewa, na baada ya muda vipande vyake hushikana mabonge. Mizani itasoma 150, lakini sehemu ya uzito huo ni maji na magadi. Sabuni hutoka laini na yenye mafuta, na mpishi anailaumu mawese. Nunua iliyofungwa kiwandani, na ukishaifungua ihifadhi kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko wa kukaza.

Ikiwa ulipima pungufu na unajua kiasi, tuseme ulitia 120 badala ya 150, yeyusha gramu 30 zilizobaki kwenye mililita 75 za maji. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Ikiwa hujui ulipungukiwa kiasi gani, usibahatishe kuongeza kostiki. Sabuni yenye mafuta ya ziada haimdhuru mtu, na kubahatisha kunaweza kuigeuza ikawa ya kuunguza. Kinyume chake kinawezekana kwa tahadhari: sabuni yenye kostiki isiyojulikana kiasi iongezee mafuta gramu 20 kwa kila kilo, pika nusu saa, pima, rudia. Ukifika gramu 100 kwa kilo na bado inachoma, acha. Hapo kuna jambo jingine usilolijua, na sabuni hiyo isitumike mwilini.

Ikiwa sabuni imejitenga, mafuta juu na maji chini, usimwage yale maji. Hiyo ndiyo kostiki yako, na ukiimwaga hakuna hesabu itakayofaa tena. Vyote viingie sufuriani.

Sufuria

Sufuria nyingi za madukani kwetu ni za alumini, na alumini haifai. Kostiki huila, hutoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto, huifanya sabuni kuwa ya kijivu, na juu ya hayo kostiki iliyoliwa na sufuria inavuruga hesabu. Sufuria ya ndani iwe ya stenlesi, au ya enameli isiyobanduka popote. Ile ya nje yenye maji inaweza kuwa ya alumini. Vyungu vya jiko la umeme la wali navyo vingi ni alumini iliyopakwa rangi ya kuzuia kunata, na mkwaruzo mmoja unatosha kuviharibu. Koroga kwa mwiko wa mbao uliotengwa kwa kazi hiyo, usirudi kwenye ugali.

Vaa glavu ndefu na miwani ya kinga. Unapokwangua sabuni yenye kostiki ya ziada ongeza barakoa, kwa sababu vumbi lake linaunguza pua na koo. Likikugusa, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Siki ni ya kufutia meza, si ya kupaka kwenye ngozi iliyoungua.

Upishi wenyewe

Kwangua sabuni kwa kikwangulio cha karoti, nyembamba kadiri uwezavyo. Vipande vikubwa havitayeyuka sawa na wenzake, na ukivisubiri utaviunguza vingine. Pima uzito wa unga wako, kwa sababu maji hutegemea uzito huo na umri wa sabuni.

Maji ndiyo huharibu kazi ya wengi. Sabuni ya siku moja hadi tatu bado ina maji yake, kwa hiyo mililita 30 hadi 60 kwa kilo zinatosha. Ya wiki mbili itataka kama 100. Ya mwezi na zaidi, 150 hadi 200, na hiyo iloweke usiku kucha ikiwa imefunikwa kabla ya kuipeleka motoni. Ukiongeza maji ya kostiki kama kwenye mfano wa juu, yahesabu humo humo. Anza na kiasi kidogo. Maji yakipungua utaongeza kijiko, yakizidi hakuna namna ya kuyatoa isipokuwa kusubiri wiki nyingi huku vipande vikijikunja na kusinyaa. Sabuni yenye unga wa mwani, kama zile zinazotengenezwa Zanzibar, hunywa maji zaidi ya nyingine na hushika chini upesi, kwa hiyo iongezee maji kidogo kidogo na uikoroge mara nyingi zaidi.

Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au ya chupa. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo ni mengi ukanda wa Pwani, huifanya sabuni ijitenge na kuwa mabonge. Kijiko kikubwa cha sukari kilichoyeyushwa kwenye maji hayo, kwa kilo moja ya sabuni, husaidia mchanganyiko kuwa mwepesi na kuingia vizuri kwenye kalibu. Tui la nazi linaweza kuchukua nafasi ya maji, ila huungua haraka na kuleta rangi ya hudhurungi.

Weka sufuria ya sabuni ndani ya ile ya maji, funika, na shikilia joto kati ya nyuzi 70 na 80. Kwa jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu, kwa sababu moto wa wazi ni mkali mno. Acha theluthi ya sufuria tupu, hasa ukiwa umeongeza mafuta au kostiki, maana mchanganyiko unaweza kupanda ghafla na kumwagika. Ukianza kupanda, toa sufuria motoni na koroga taratibu, usiongeze maji baridi.

Dakika 20 za kwanza pembe huanza kung'aa. Koroga kila baada ya dakika 10 hadi 15, kwa kugeuza kutoka chini kwenda juu, si kwa kupiga. Kupiga huingiza hewa, na hewa hiyo haitoki tena: utapata sabuni yenye matundu inayoisha haraka bafuni. Baada ya saa moja hivi mchanganyiko unapaswa kufanana na ugali laini, wenye kung'aa kidogo. Hautakuwa maji kamwe, kwa hiyo usiendelee kuongeza maji ukingoja umiminike. Ukiwa ulirekebisha hesabu, pika saa moja na nusu hadi mbili na upime tena kabla ya kutoa. Kama haijapita kipimo, iendelee.

Marashi yaingie mwisho, joto likishuka chini ya 70, la sivyo yote yataondoka na mvuke. Mafuta ya mchaichai gramu 15 hadi 20 kwa kilo. Ya karafuu gramu 5, yakizidi yanawasha ngozi. Karafuu ndiyo hiyo inayofanya sabuni mpya kuganda kuwa donge kabla ya kumiminwa. Ikikutokea hivyo, hesabu yako haina kosa: usiongeze mafuta wala kostiki, lipeleke donge lote motoni siku hiyo hiyo na ulipike mpaka lipite kipimo. Katika sabuni iliyokwisha kuiva, karafuu haigandishi tena.

Kalibu na kukausha

Tandika karatasi ya kuokea kwenye kalibu ya mbao. Tia kijiko baada ya kijiko ukikandamiza, kisha gonga kalibu mezani mara kadhaa ili hewa itoke. Fanya haraka, sabuni iliyopoa haishikani na ile iliyotangulia, na kipande kitapasuka hapo hapo ilipoungana. Juu haitakuwa laini kama ya sabuni mpya. Ukitaka sura nzuri, ikate pembe zote nne baada ya kuganda.

Itoe baada ya saa 24 hadi 48. Ikiwa bado inanata, iache, usiivute. Ikaushe kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 4, ukiigeuza. Mwambao, wakati wa masika, itachukua muda zaidi. Pima kipande kimoja kila wiki: uzito ukiacha kushuka, ndipo imekauka. Anayeuza asiandike uzito wa siku ya kukata, maana sabuni iliyotiwa mililita 200 kwa kilo itapungua sana, na mteja ana mizani pia.

Mabaki ya sabuni nzuri, yale ya kukatia pembe, hayahitaji mzunguko huu wote. Yakate vidogo na uyachanganye kwenye sabuni mpya kabla haijaganda, yasizidi theluthi ya uzito wote. Yasiwe na vipande vya sabuni za dukani. Nyingi kati ya hizo zina viungo vingine, haziyeyuki kwa namna moja na yako, na hesabu yake huijui.