Buti la gari limegoma kufunguka? Lisikilize kabla hujashika mtaimbo

Wengi wanaoniletea gari lenye buti lililogoma hufika wakiwa wameshaamua kwamba komeo limekufa. Mara nyingi komeo ni zima, ila kile kinacholiamrisha ndicho kimekufa. Ukijua hivyo, utaacha kupigana na bati.

Kabla hatujaanza: kama ndani ya buti kuna mtoto au mnyama, achana na hatua hizi. Piga simu ya uokoaji, na huku ukisubiri pitia kiti cha nyuma, hata ikibidi kuvunja kioo cha mlango. Ndani ya buti joto hupanda haraka.

Hatua ya 1: Sikiliza

Zima injini na redio. Mtu mmoja abonyeze kitufe cha buti, wewe weka sikio karibu na komeo. Ukisikia "tak", umeme unafika na mota inafanya kazi, kwa hiyo shida iko kwenye komeo au mzigo. Kukiwa kimya lakini taa nyingine za gari zinawaka, shuku fyuzi, kitufe chenyewe au waya uliokatika. Kukiwa kimya na gari zima giza, hiyo ni betri.

Gari lenye mpini wa kuvuta (ule wa kando ya kiti cha dereva, unaovuta komeo kwa waya wa chuma) unalisikiliza kwa mkono. Mpini ukija mlegevu, waya umekatika au umechomoka. Ukiwa mgumu kupita kawaida, waya au komeo limeshikwa na kutu. Usiuvute kwa hasira, utaukata.

Hatua ya 2: Maliza vitu vidogo

Fungua milango yote, na kama gari ni otomatiki weka gia kwenye P. Angalia ndani ya kisanduku cha dashibodi: magari mengine yana swichi au tundu la ufunguo linalofunga buti lisifunguke kwa kitufe, ili anayekuegeshea gari asipekue mizigo yako. Ni rahisi kuigusa bila kujua.

Badilisha betri ya rimoti (nyingi hutumia CR2032). Rimoti nyingi zimeficha ufunguo wa chuma ndani yake. Uchomoe, kisha tafuta tundu lake karibu na taa za kibao cha namba au nyuma ya nembo. Tundu lisilotumika muda mrefu hukaza. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha zungusha taratibu huku na huku. Ukilazimisha, ufunguo utakatikia humo.

Hatua ya 3: Kandamiza huku mwenzio anafungua

Hii ndiyo ninayoijaribu kwanza nikisikia "tak". Mzigo uliojaa husukuma mfuniko juu, au mpira wa pembeni umegandana na rangi, na ile ndoano ndani ya komeo inabanwa hata mota haina nguvu ya kuiachia. Weka viganja viwili ukingoni, juu kabisa ya komeo (si katikati ya mfuniko, pale bati litabonyea), kandamiza kwa uzito wa mwili, na mwenzio abonyeze kitufe au avute mpini wakati huohuo. Achia polepole akiwa bado ameshikilia. Rudia, safari hii ukigonga kidogo kwa ngumi. Usikate tamaa baada ya jaribio moja.

Hatua ya 4: Umeme

Fyuzi iliyoungua weka nyingine ya ampea zilezile. Kama betri imekufa, busti gari, yaani lipe umeme kwa nyaya kutoka betri ya gari jingine. Kichekesho ni magari ambayo betri yenyewe iko nyuma, ndani ya buti lisilofunguka. Mengi ya hayo yana ncha ya kubustia chini ya boneti, yenye kifuniko chekundu au alama ya +. Toyota Prius za 2004 hadi 2009 ni za aina hiyo: ncha iko ndani ya boksi la fyuzi la mbele. Waya mwekundu kwenye ncha hiyo, mweusi kwenye chuma kitupu mbali na betri.

Hatua ya 5: Kama mpini ni mlegevu

Bandua kava la plastiki kando ya kiti cha dereva, utaona waya ukitokea kwenye mpini. Ukichomoka hapo, shika ncha yake kwa koleo na uvute moja kwa moja. Umekatikia mbele zaidi? Nenda hatua ya 6.

Hatua ya 6: Ingia kupitia kiti cha nyuma

Laza kiti kama kinalala. Kisicholala, nyanyua ukingo wa mbele wa kikalio mpaka klipu ziachie, kisha fungua bolti zilizo chini ya egemeo na ulinyanyue litoke kwenye ndoano zake. Ukikuta soketi ya njano, usiiguse. Hiyo ni ya mfumo wa mifuko ya hewa.

Ukiwa na tochi, tafuta komeo. Magari yenye buti yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Septemba 2001 yana mpini wa dharura unaong'aa gizani. Uvute tu, hata kwa fimbo. Mengine, sukuma kwa bisibisi bapa ule mkono ambao waya au mota huuvuta. Kwa gari ambalo mlango wa nyuma hunyanyuka pamoja na kioo, tafuta kifuniko kidogo cha plastiki upande wa ndani wa mlango huo. Mkono uko nyuma yake.

Hatua ya 7: Limefunguka? Usilifunge!

Mfuniko ukiwa juu, sukuma ndoano ya komeo kwa bisibisi mpaka ijifunge, kisha jaribu kitufe au mpini. Isipoachia, uko palepale, lakini angalau buti liko wazi. Safisha grisi ya zamani, paka mpya. Halafu kagua ule mkonga wa mpira wenye nyaya karibu na bawaba: nyaya hukunjwa kila mfuniko unapopanda na kushuka, na hukatikia humo bila kuonekana kwa nje. Vuta kila waya kidogo. Unaorefuka umeshakatika ndani ya ganda lake. Uunge kwa risasi ya kuungia nyaya, ufunike, na ujaribu tena kwa bisibisi kabla ya kushusha mfuniko.