Somo: Kuchagua chuo Marekani kwa anayelenga udaktari

Marekani huingii udaktari moja kwa moja ukitoka kidato cha sita kama ilivyo MUHAS, chuo cha Muhimbili. Unasoma kwanza shahada ya kwanza miaka minne, kisha shule ya udaktari miaka mingine minne, ndipo yafuate mafunzo ya hospitalini. Chuo unachochagua sasa hakikupi udaktari. Kinakupa alama na barua za kuombea. Jina kubwa lenye GPA (wastani wa alama, kilele 4.0) ya 3.1 halitakuvusha.

Hatua ya 1: Anza na karatasi zako. Raia na mwenye grini kadi huhesabiwa sawa. Mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi, mlango wake ni mwembamba: shule nyingi za udaktari hazipokei wageni kabisa, za majimbo hupendelea wakazi wao, na baadhi ya zinazopokea hudai uweke benki ada ya mwaka mmoja hadi yote minne kabla ya kuanza. Fungua MSAR, orodha ya shule za MD (shahada ya udaktari) inayotolewa na AAMC, chama cha shule hizo, uone zinazopokea wageni. Fanya hivyo kabla hujalipia fomu hata moja.

Hatua ya 2: Pesa. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin huchagua wageni bila kutazama mfuko wa mzazi, na anayepita hujaziwa pesa ambazo familia yake haiwezi kulipa. Kupita ndiko kwenye kazi. Kwa vyuo vingine, tafuta hati yao iitwayo Common Data Set, kipengele cha H6. Hapo utaona wageni wangapi walisaidiwa na kwa wastani wa dola ngapi. Tangazo litasema tu “tuna ufadhili”. H6 ndiyo itakayokuonyesha kama ni wa watu watatu au mia tatu.

Hatua ya 3: Masomo ya lazima na ratiba yake. Fani ni yoyote. Yanayotakiwa kwa kawaida ni biolojia, kemia ya jumla, kemia ya oganiki na fizikia, kila moja mwaka mzima pamoja na maabara. Biokemia muhula mmoja. Halafu Kiingereza na takwimu. Saikolojia na sosholojia zimo kwenye MCAT, mtihani wa kuombea shule ya udaktari, nazo usizipuuze.

Wengi huishia kusoma orodha ya kozi wasiangalie inafundishwa lini. Maombi ya AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea shule za MD, hutumwa kuanzia mwisho wa Mei kwa ajili ya kuingia mwaka unaofuata, na MCAT huwa imeshafanywa. Maana yake biokemia iwe imekwisha mwaka wa tatu. Chuo kinachowapa nafasi wa mwaka wa nne tu kinakula mwaka wako mzima. Uliza pia kama oganiki ya kwanza hufundishwa mihula yote miwili; isipokuwa hivyo, ukiteleza unasubiri hadi mwaka mwingine.

Na kuteleza hakufutiki. Chuo kinaweza kubadilisha alama ya somo lililorudiwa, lakini AMCAS huhesabu zote mbili. Tena hupiga GPA ya pekee ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati, kwa hiyo C ya kemia haijifichi nyuma ya A za historia.

Hatua ya 4: “Asilimia 90 ya wanafunzi wetu huingia.” Asilimia 90 ya nani? Vyuo vingine vina kamati inayowaandikia waombaji barua ya mapendekezo, na baadhi ya kamati hazimwandikii mwenye GPA ya chini. Huyo akikata tamaa asiombe, hesabuni hayumo. Waulize: walioanza mwaka wa kwanza wakitaka udaktari ni wangapi, walioomba wangapi, waliopata wangapi? Ofisi inayozungukazunguka imeshakujibu.

Hospitali iwe karibu, penye basi. Utahitaji kujitolea na kumfuata daktari kazini.

MASWALI

Mwanangu ana daraja la kwanza, PCB. Aruke biolojia ya mwaka wa kwanza?
Mzazi, hata chuo kikimruhusu, shule nyingi za udaktari hutaka zione somo lililosomwa chuoni. Akiruka, achukue biolojia ya juu yenye maabara badala yake.

Tuko Kentucky, tuna grini kadi. Binti aanzie community college, chuo cha miaka miwili, kuokoa pesa?
Sawa kabisa, dada, na ajaze mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Kemia ya jumla aimalizie huko. Oganiki na biokemia azisubirishe hadi ahamie chuo cha miaka minne, maana baadhi ya shule hupendelea hivyo. Asigawe oganiki, nusu huku nusu kule: kila chuo hukata mada mahali pake, naye atarukwa na sura nzima.

Nina BSc ya UDSM. Naweza kuomba moja kwa moja?
Kwa shule nyingi, hapana. AMCAS haihesabu alama za nje ya Marekani na Kanada, na shule nyingi hudai masomo ya lazima yasomwe huko huko. Kama karatasi zako ni F-1, kaka, piga hesabu ya njia nyingine: somea MD nyumbani, miaka mitano na mwaka wa intaniship, kisha cheti cha ECFMG, taasisi inayothibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, na USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari huko, ndipo uombe nafasi ya mafunzo hospitalini Marekani. Kwanza hakikisha chuo chako kimo kwenye World Directory of Medical Schools, orodha ya vyuo vya udaktari duniani, na kina alama ya kukubaliwa na ECFMG.