Kagua ethi kabla ya kununua betri

Ukiwasha indiketa na taa ya breki nayo inapepesa, au taa za mbele zinafifia ukipiga honi, kagua ethi kwanza, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari na injini. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti za DC: waya mwekundu uguse chuma kitupu cha injini, mweusi uguse hasi ya betri yenyewe, kisha mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapata shida kurudi kwenye betri. Chomoa hasi ya betri, fungua bolti ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Gari lililotoka kupigwa rangi lichunguze zaidi: ethi ikifungwa juu ya rangi, waya kwa macho unaonekana mzima kabisa, kumbe rangi inazuia umeme.