Glezi ya magamba kwa kupuliza: ninavyofanya Kisumu

Puliza asubuhi. Nalisema kabla ya hatua yoyote kwa sababu huku kwetu, mchana ukiingia, upepo wa ziwa hupanda nchi kavu, na glezi, ile rangi ya chungu inayogeuka kioo motoni, ikipulizwa uani huufuata. Mara yangu ya kwanza nilianza saa tisa alasiri. Nusu ya kazi ilitua kwenye mashati ya shule ya watoto wa jirani, yaliyokuwa yameanikwa kambani. Niliyafua mwenyewe.

Glezi ninayoisemea ni ile inayotoka jokoni imejikunja visiwa visiwa, kama matope ya ufukweni yaliyopigwa na jua, na rangi ya chini ikichungulia katikati. Ukichovya chungu ndani yake hushika nene na kubanduka. Ukitumia brashi hubaki michirizi. Kwa hewa, unene unaupanga wewe.

Hatua ya 1: vifaa. Bunduki ya kupulizia rangi ya mafundi wa magari inatosha, ila itafute ile ya praima, yenye tundu la milimita 1.8 au 2. Ya rangi ya mwisho, ya 1.3, itaziba kabla hujamaliza kikombe. Ongeza kompresa, sahani ya kuzungushia na barakoa yenye vichujio vya vumbi. Leso puani haisaidii kitu. Glezi ina silika, madini yale ya mchanga, na vumbi lake likijaa mapafuni huleta ugonjwa usio na tiba. Ukimaliza usifagie, futa kwa sponji mbichi.

Hatua ya 2: chungu. Tumia udongo unaohimili nyuzi 1,230. Usijaribu na dapi la sokoni, ule mtungi wa maji. Udongo ule umezoea moto wa wazi wa kuni, na joto hilo litaulegeza. Choma mara ya kwanza hadi nyuzi 1,000 hivi, pangusa vumbi, paka nta kwenye kitako. Ndani mimina glezi laini ya kawaida, kwani mianya ya magamba haisafishiki na chakula kitajificha humo. Acha siku nzima ukuta ukauke.

Hatua ya 3: kuchanganya. Unahitaji glezi mbili. Ya chini ni glezi yako ya kila siku, yenye rangi nzito. Ya juu ni glezi nyeupe: kwa kila gramu 1,000 za unga mkavu ongeza gramu 250 za kabonati nyepesi ya magnesiamu. Unga huo ni mwepesi kama pamba na hunywa maji kupita kiasi, kwa hiyo usishtuke ukiongeza maji mara mbili tatu. Chuja zote mbili.

Hatua ya 4: kupuliza. Hapa ndipo penye kazi. Weka hewa kati ya psi 30 na 40 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa), bunduki iwe sentimita 25 kutoka chunguni, zungusha sahani polepole na usisimamishe mkono. Tazama mng'ao. Glezi ikitua, ukuta hung'aa kwa maji. Sekunde moja mbili chungu kinayanywa, mng'ao unafifia. Ukirudia pale kabla haujafifia, glezi itateremka kama machozi. Subiri ufifie, kisha rudi.

Ya chini ipulize hadi ifikie nusu ya unene wa kadi ya benki. Kwaruza kwa sindano karibu na kitako uone. Kisha ya juu: teremsha hewa hadi psi 15 hivi ili matone yawe makubwa, yatue kama manyunyu mazito na kujenga vinundu. Fikisha unene wa kadi nzima. Ikikauka itapasuka nyufa nyembamba. Nyufa hizo ndizo unazozitaka, maana moto utazipanua. Lakini kingo zikianza kuinuka kama gamba la samaki, umezidisha. Osha uanze upya. Mimi nimeosha vingi, na kwa vile mfinyanzi hulia gaeni, vilivyonishinda ndivyo ninavyonywea chai.

Hatua ya 5: kivuli. Ukipenda, puliza rangi ya tatu kutoka upande mmoja tu, bunduki ikiwa chini, karibu ilale sambamba na ukuta, bila kuzungusha sahani. Rangi itashika ubavu mmoja wa kila kinundu. Mgeni atadhani jua limekiangukia chungu.

Hatua ya 6: moto. Kibebe kwa kukishika ndani. Chini yake weka kisahani cha udongo, kwa sababu vipande hudondoka na kugandia rafu. Choma hadi joto la glezi yako, kwangu 1,230, na nyuzi 200 za mwanzo uende polepole. Kikitoka, pitisha kidole taratibu. Kisiwa chenye ukingo mkali kisugue kwa jiwe la kunolea ndani ya maji.