Kabla ya Kununua Skana: Mambo ya Kuzingatia kwa Msikilizaji wa Redio za Dharura Minnesota

Skana yangu ya kwanza, yaani redio ya kusikilizia mawasiliano ya polisi na wazimamoto, niliinunua kwa bei ya kutupa kwa mtu aliyekuwa akihama nyumba, hapa Minnesota, na kwa siku tatu nzima haikunipa kitu ila mngurumo mkavu usiokatika, mithili ya nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nilibadilisha betri, nikapanda nayo ghorofani, nikaiweka dirishani, na nyuki wakazidi kunguruma. Kumbe kifaa kilikuwa kizima kabisa. Nilichokuwa nikisikia ni data ambayo kompyuta za mfumo hutumia kuziamuru redio za polisi na wazimamoto, na kifaa hicho, kilichoundwa zama za analogi, hakikuwa na namna ya kuielewa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nililipa kwanza nikauliza baadaye. Maelezo haya yamepangwa kinyume cha nilivyofanya mimi, na ndiyo maana kifaa chenyewe kinakuja karibu na mwisho.

Anayeanza hana budi kuelewa kwanza kwamba katika mfumo wa trankingi hakuna idara inayomiliki masafa yake peke yake. Zamani zimamoto wa mji walikuwa na masafa yao, polisi wao, na aliyeijua namba alikuwa amemaliza kazi. Katika trankingi, idara nyingi hutumia kwa zamu masafa machache yaliyopo. Mfano ulio karibu ni stendi ya daladala yenye msimamizi mmoja na magari yasiyo na njia ya kudumu: abiria wa Mbagala wakijaa, gari lolote lililo tupu hupewa safari hiyo, na likisharudi laweza kupelekwa Tegeta. Magari ndiyo masafa, njia ndiyo kundi la mazungumzo, na msimamizi asiyenyamaza ndiye chaneli ya udhibiti, ile iliyoningurumia siku tatu. Mtu akikaa kwenye masafa mamoja atasikia nusu ya sentensi ya mzimamoto, kisha dereva wa gari la kuondoa theluji la kaunti, kisha kimya. Skana ya trankingi humsikiliza msimamizi, na kila anapolitaja kundi unalolitaka, huruka hadi kwenye masafa liliyopewa.

Mfumo wa jimbo hili unaitwa ARMER. Unatumia bendi ya megahezi 800 na kiwango cha dijitali cha P25, na minara yake inaendeshwa na idara ya uchukuzi ya jimbo, jambo ambalo huwashangaza wengi wanaodhani kwamba mitambo hiyo ni ya polisi. Faida yake ilionekana tarehe 1 Agosti 2007, saa 12 na dakika 5 jioni, daraja la barabara kuu ya I-35W lilipoanguka katika Mto Mississippi mjini Minneapolis na watu 13 wakapoteza maisha. Idara zilizofika pale kutoka pande mbalimbali ziliweza kuzungumza kwa sababu redio zao zilikuwa za mfumo mmoja, na kilichohitajika ni kuzihamishia kwenye makundi ya pamoja. Msikilizaji ajifunze kutokana na hilo kwamba tukio kubwa haliishi kwenye kundi lilikoanzia. Asiyeweka makundi ya pamoja katika orodha yake atasikia mwito wa kwanza, kisha hatasikia kitu wakati shughuli ndiyo kwanza imepamba moto.

Swali la pili, ambalo lingetakiwa kumzuia mtu kutoa hata dola moja kabla ya kulijibu, ni kama idara anazotaka kuzisikia zimefunga mazungumzo yao kwa usimbaji fiche. Polisi wa Denver walifunga mwaka 2019, Chicago ilianza mwaka 2022, New York mwaka 2023, na hapa kwetu polisi wa Minneapolis walifuata mwaka 2025. Sababu zinazotolewa ni usalama wa askari na faragha ya raia ambao majina na tarehe zao za kuzaliwa husomwa hewani. Waandishi wa habari hupinga, na binafsi naona wana hoja, lakini hoja haifungui kufuli. Ufunguo wa biti 256 wa AES, njia ya usimbaji inayotumika, hauvunjwi na skana yoyote iuzwayo dukani, na anayemwambia mteja kwamba kuna programu ya kufungua anamwibia. Katika hifadhidata ya RadioReference, ambayo wasikilizaji wa Marekani huijaza wenyewe, kila kundi la kaunti huwa na alama inayoonyesha kama limefungwa. Pitia orodha ya kaunti yako mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta zimamoto, magari ya wagonjwa na wafanyakazi wa barabara wako wazi hata pale polisi walipofunga, na ni wewe mwenyewe wa kuamua kama hayo yanakutosha.

Sheria nayo isomwe mapema, na isomwe ya pale unapoishi. Kwa ngazi ya shirikisho, sheria ya faragha ya mawasiliano ya mwaka 1986 inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya usalama wa umma ambayo yako wazi kwa watu wote. Kusikiliza simu za mkononi ni marufuku, na ndiyo sababu skana zinazouzwa Marekani zimezibwa bendi hizo. Lakini gari ni jambo jingine. Sheria ya Minnesota inakataza mtu wa kawaida kutumia au hata kuwa na skana ya masafa ya polisi ndani ya gari bila kibali cha ofisi ya upelelezi wa makosa ya jinai ya jimbo, na haijali kama kifaa kimezimwa. Florida, Kentucky, Indiana na New York nazo zina vizuizi vyao. Njia ya halali iliyo rahisi ni leseni ya redio ya ridhaa (ham), kwa kuwa sheria ya Minnesota inamtoa mwenye leseni hiyo katika katazo. Mtihani wa daraja la kuanzia una maswali 35, na anayepata 26 amefaulu. Kwa dereva wa teksi au wa malori, na wenzetu wengi hapa ndiyo kazi yao, ningesema leseni itangulie skana. Anayefikiria kuibeba skana hiyo anaporudi nyumbani kwa likizo aulize kwanza TCRA akiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano akiwa Kenya, kwa maana ruhusa ya Marekani haivuki mpaka pamoja na begi.

Tuje kwenye minara, ambako ndiko wengi wanakopotea. Mtu huchagua mnara wenye nguvu kuliko yote dirishani kwake na kushangaa kwamba kundi la zimamoto wa kaunti jirani halisikiki kabisa, ilhali mitambo yote ni ya ARMER. Sababu ni kwamba mnara haubebi kila kundi. Redio ya mzimamoto inapowashwa hujiandikisha kwenye mnara ulio karibu nayo, na mfumo hupeleka mazungumzo ya kundi kwenye minara yenye redio iliyojiandikisha tu, ili masafa yasipotee bure. Kwa hiyo unaweza kusikia kaunti ya mbali kwa dakika 40, kisha ikakatika ghafla, kwa sababu tu gari moja la kaunti hiyo lililokuwa limeleta mgonjwa hospitali ya mjini limeshaondoka. Hakuna kilichoharibika. Chagua mnara unaohudumia eneo unalotaka kulisikia, hata kama mawimbi yake ni hafifu kidogo kuliko ya ule uliouzoea.

Mijini kuna tatizo jingine la ajabu, nalo ni simulikasti: minara kadhaa hurusha mawimbi yaleyale, kwenye masafa yaleyale, kwa wakati mmoja. Redio za askari zimeundwa kwa ajili hiyo. Skana nyingi hazikuundwa hivyo. Ishara kutoka minara miwili hufika zikiwa zimepishana kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, zikagongana, na sauti ikakatikakatika ingawa mistari ya nguvu kwenye skrini imejaa. Hapo ndipo mtu hukimbilia antena kubwa, nayo huzidisha ugonjwa kwa kuleta minara mingi zaidi. Dawa mara nyingi ni kupunguza: antena fupi, au antena ya Yagi iliyoelekezwa mnara mmoja tu, au kukisogeza kifaa hadi upande wa chumba ambao ukuta unauziba mnara wa pili. Katika fleti yangu, hatua mbili kutoka dirishani hadi kwenye rafu ya vitabu zilitosha.

Ni baada ya majibu hayo ndipo kifaa kichaguliwe. Kwa anayeishi ndani ya simulikasti, Uniden SDS100 ya mkononi na SDS200 ya mezani zilitengenezwa kwa kulifikiria tatizo hilo, na bei yake ni kubwa. Anayeishi kijijini karibu na mnara mmoja hana haja nazo. Skana ya kawaida ya P25 itamfaa, mradi ahakikishe inasoma awamu ya pili ya kiwango hicho, ambayo hubeba mazungumzo mawili kwa zamu katika chaneli moja ya kilohezi 12.5. Mwenye kompyuta na subira anaweza kuanza na kipokezi cha USB cha RTL-SDR pamoja na programu ya bure ya SDRTrunk. Hata hivyo, kipokezi kimoja huona takriban megahezi 2.4 tu kwa mkupuo, kwa hiyo mnara ambao masafa yake yametawanyika zaidi ya hapo utahitaji vipokezi viwili au vitatu. Vile vya bei ya chini kabisa hukosea pia shabaha. Kosa la sehemu 50 kwa milioni laonekana dogo, lakini kwenye megahezi 850 ni kilohezi 42.5, yaani umepita chaneli tatu nzima na unasikiliza hewa tupu. Kiache kipate joto kwa nusu saa kabla ya kukirekebisha.

Antena haina mambo mengi. Robo ya wimbi kwenye megahezi 850 ni sentimita 8.8, kwa hiyo waya mfupi kuliko kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa, ukisimama wima, unatosha. Kebo ya RG-58 ya mita 15 humeza zaidi ya nusu ya mawimbi kwenye bendi hii. Kebo ya televisheni ya RG-6 humeza kidogo kuliko hiyo, na bei yake ni rahisi.

Wiki ya kwanza weka daftari, uandike namba ya kundi, saa na kilichosemwa, kwa maana majina katika hifadhidata hukosewa na idara hubadilisha makundi bila kumtangazia mtu. Sikio nalo lina kazi ya kuzoea, hasa kwa sisi ambao Kiingereza cha redio, kilichobanwa na kusemwa kwa haraka, hatukukinyonya kwa mama. Usiende kwenye tukio ulilolisikia, wala usilirushe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kabla familia husika haijapata habari. Mimi husikiliza kwa spika za masikioni hata nikiwa peke yangu, kwa sababu kuta za jengo letu ni nyembamba na anwani inayotajwa yaweza kuwa ya mlango wa pili.