Kamba ya miaka: namna tunavyosomesha historia nyumbani, Unguja

Wanangu wako mkondo wa mchana, kwa hiyo asubuhi yote ni yangu. Jirani huleta na wake, tukatandika jamvi ukumbini tukaanza. Hisabati na Kiingereza tunapokezana, lakini historia nimeing'ang'ania mimi, na kina mama wenzangu kila siku wananiuliza natumia kitabu gani. Kitabu kipo, ila kinakuja nyuma. Mbele nataka mtoto ashike kitu kwa mkono wake, kisha aulize masuali mawili: kimefikaje hapa, na nani aliyekihangaikia? Ukimzoesha hayo mawili, tarehe atazidaka mwenyewe njiani.

Vya kuwa navyo ni kamba ndefu ya makumbi, vibanio vya nguo, maboksi matupu ya kukata vipande, kalamu ya wino mzito, kaunta buku moja kubwa na simu inayorikodi sauti. Ramani ukiwa nayo vizuri. Mimi huchora kwa chaki sakafuni.

Hatua ya 1: Pima kamba kwa mkono

Chagua mtu mzima mmoja ambaye shibiri yake (kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, kiganja kikiwa kimetanuliwa) ndiyo itakayotumika mwaka mzima. Mkipima leo kwa mkono wa baba na kesho kwa mkono wa mtoto wa miaka saba, kamba haitasema kweli. Shibiri moja ni miaka kumi. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima, kwa hiyo pima moja ni miaka themanini, takriban umri wa bibi aliyekula chumvi nyingi.

Anzeni leo mrudi nyuma. Usianze na watu wa kale, mtoto wa darasa la pili hana pa kuwaweka. Kibanio cha kwanza ni siku aliyozaliwa yeye, kisha mamake, kisha bibi. Halafu bandikeni yale makubwa: Mapinduzi 1964, shibiri sita na kidogo kutoka mwanzo. Kufungwa kwa soko la watumwa 1873, shibiri kumi na tano. Seyyid Said, Sultani wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja, ambako vitabu vingi vinaandika 1840 na vyengine 1832. Hapo wekeni vibanio viwili wala msiamue. Ngome Kongwe iwekeni baada kidogo ya 1698, mwaka ambao Waomani waliwatoa Wareno Mombasa. Walipoijenga hapa waliiweka palipokuwa na kanisa la Wareno.

Kisha mwambie mtoto aende mpaka msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa zamani wa Kiarabu, kwenye kibla yake yana mwaka 500 wa Hijria. Watoto wetu Hijria wanaijua chuoni, yaani madrasa, basi wape hesabu: miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladia, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Gawa 500 kwa 33, upate 15. Toa 15 kwenye 500, zibaki 485. Jumlisha 622, mwaka wa Hijra. Inatoka 1107. Kwenye kamba ni shibiri tisini na kitu, yaani pima kumi na moja na nusu. Nyumba nyingi hazina ukumbi wa urefu huo. Yetu inatoka mlangoni, inapita uani na kuishia kwenye ukuta wa jirani, na sijaona somo lililowakaa watoto kama kule kutembea kutoka Mapinduzi mpaka Kizimkazi kwa miguu yao.

Mwambie na hili, asije akatangaza skuli kwamba msikiti wote una umri huo: maandishi ni ya 1107, lakini sehemu kubwa ya jengo lilivyo sasa ni ya karne ya 18.

Hatua ya 2: Mwendee bibi na masuali yanayojibika

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosa. Wanampeleka mtoto kwa bibi aulize, "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" Bibi anasema sijui mwanangu, mazungumzo yamekwisha. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa mwaka, wanakumbuka kwa mambo na kwa misimu. Kwa hiyo mfundishe mtoto kuuliza hivi, baada ya shikamoo na baada ya bibi kumaliza chai yake:

"Bibi, ulipoolewa, Mapinduzi yalikuwa tayari?"
"Mzee Karume alipouliwa ulikuwa na mtoto mgongoni au bado?"
"Ilikuwa wakati wa kupanga foleni ya mchele na sukari?"
"Ilikuwa kusi au kaskazi? Masika au vuli? Karafuu zilikuwa zinachumwa?"

Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Foleni za chakula ni za miaka hiyo hiyo ya 70 mwanzoni, wakati televisheni ya rangi nayo ndiyo kwanza inaingia Unguja. Ukipata "baada ya hili, kabla ya lile", umeshapata shibiri nusu ya kamba, na hiyo inatosha. Kwa wazazi wa umri wetu, alama nzuri ni lile giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima, na kuzama kwa meli ya Spice Islander, Septemba 2011. Hilo la pili liulizwe kwa adabu. Kuna nyumba ambazo bado ni msiba.

Omba ruhusa kabla ya kurikodi. Bibi akisema zima, zima, na mtoto akuone unazima. Halafu andikeni kwenye kaunta buku kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na nani kasema na lini kasema. Msimsahihishe mzee pale pale. Kama kauli yake haipatani na kitabu, iandikwe upande wa kushoto, cha kitabu upande wa kulia.

Hatua ya 3: Chakula cha Ijumaa

Siku ya Ijumaa, kabla hujaanza kupika, panga vitu vyote kwenye sinia: mchele, nazi, muhogo, pilipili, nyanya, kunde, embe kama ni msimu, karafuu, mdalasini, na samaki wako. Chora ramani ya chaki sakafuni, Afrika katikati, Bara Hindi na Indonesia kulia, Amerika kushoto. Kila mtoto achukue kitu akiweke anapodhani kimetoka.

Muhogo wote watauweka shamba, Donge au Makunduchi. Hapo ndipo utamu ulipo. Muhogo, mahindi, pilipili, nyanya, papai na nanasi vyote asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari baada ya 1492. Vingi vilifika pwani yetu kupitia Wareno. Mchele, nazi, ndizi na embe ni vya Asia, navyo vina njia yake, ile ya pepo: kaskazi inaleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kuanzia Disemba hadi Machi, kusi inavirudisha. Kunde na mtama ndivyo vya Afrika. Mwanangu wa kati alikasirika kabisa kusikia kwamba zamani watu wa hapa walikula bila pilipili.

Karafuu iache mwisho. Imetoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ikapandwa na Wafaransa Mauritius na Réunion, na hapa kwetu ikaingia mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said akasukuma watu waipande kwa wingi. Mwaka 1872 tufani ikavunja mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Kama mna jamaa Wete au Chake, nendeni msimu wa kuchuma. Mtoto achambue makonyo (vikonyo vya karafuu) mpaka vidole vibadilike rangi, aanike, apime pishi, aone mchumaji analipwa kwa pishi ngapi. Saa moja ya kazi hiyo itamtosha kuelewa suali linalofuata, na suali lenyewe umuulize mkiwa pale pale jamvini: mikarafuu ya mwanzo ilipandwa na kuchumwa na nani, na alilipwa nini?

Jibu ni kwamba walikuwa watumwa, na hawakulipwa. Usilizungushe.

Hatua ya 4: Mkunazini

Baada ya karafuu ndiyo mwende Mkunazini, mjini, palipokuwa na soko la watumwa, wala si kabla. Mtoto akipelekwa sokoni pale bila kujua kazi ilikuwa ipi, anaona kanisa na minyororo tu, anarudi na picha za simu. Mwonyesheni sanamu za wale watu ndani ya shimo, zenye minyororo shingoni. Mwambieni kwamba soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash kwa shinikizo la Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo.

Mkirudi nyumbani, muulize: kwa hiyo utumwa ulikwisha 1873? Wengi watasema ndiyo. Basi mpe kibanio chengine akiweke 1897, mwaka ambao Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria. Baina ya vibanio viwili hivyo kuna karibu shibiri mbili na nusu. Mtu aliyezaliwa mtumwa soko linafungwa, alikuwa kijana wa miaka 24 ndiyo kwanza sheria inabadilika.

Onyo la malezi: asili ya mtu haiulizwi barazani. Katika ukoo mmoja wa hapa utakuta wazee waliomiliki na wazee waliomilikiwa. Mwambie mtoto wazi kwamba masuali hayo anayaleta kwako, hayapeleki kwa rafiki yake wala kwa jirani.

Hatua ya 5: Vita na maharage

Hii ni nyepesi, ya siku umechoka. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akaingia kasri, Waingereza wakamtaka Hamoud bin Mohammed, wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 atoke. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza.

Saa tatu na dakika mbili teleka maharage makavu ambayo hukuyaroweka. Watoto wasome habari hiyo kwa sauti, mmoja akae na saa. Zikifika dakika 38, mwengine aonje. Maharage ni mabichi, na vita vimekwisha: kasri limebomoka, meli ya Sultani, Glasgow, imezama bandarini, upande wa Khalid watu kama 500 wameuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza amejeruhiwa baharia mmoja. Kuna wanaoandika dakika 38, kuna 40, kuna 45. Wakubwa waulize kwa nini saa za vita moja zitofautiane. Wadogo waache wakoleze moto.

Hatua ya 6: 1964, kwa umri wa mtoto

Wenzangu wengi wanaikimbia hii, na nawaelewa. Lakini mtoto ataisikia tu, daladalani au kwenye simu, na huko hutakuwepo.

Kwa wadogo: tarehe na mahali pa kuonekana. Uhuru 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Vibanio vitatu vinabanana kwenye shibiri moja, karibu vigusane, na wao wenyewe watauliza kulikuwa na nini miezi ile. Wapeleke Michenzani, uwaambie majumba yale marefu yalijengwa baada ya hapo kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Kwa waliofika darasa la sita na kuendelea, wape hesabu. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa na viti 31. Chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13. Vyama vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) kwa pamoja wakapata 18 wakaunda serikali. Wachore majimbo ya mfano kwenye karatasi mpaka waone wenyewe jambo hilo linawezekanaje. Ubishi utatokea, uache utokee. Mtoto aliyekwisha kuichora hesabu hiyo haridhiki na hadithi ya upande mmoja.

Kisha watafute wazee wawili, si mmoja: mmoja ambaye kwao mwezi ule ulikuwa ukombozi, mmoja ambaye kwao ulikuwa kupoteza ndugu, nyumba au nchi. Wasikilizwe siku mbali mbali, na yule wa pili asiambiwe wa kwanza alisema nini. Wewe mzazi zungumza na mzee kwanza, peke yenu. Akisema hilo silizungumzi, heshimu. Wala usimkalishe mtoto kuamua nani mkweli. Andikeni yote mawili, kwa majina wanayoyataka wenyewe, hata kama ni "mzee wa Jang'ombe" tu.

Hatua ya 7: Mtoto arudishe

Mitihani ya karatasi sitoi. Kila baada ya mwezi mtoto huchagua kibanio kimoja akamsimulia bibi au ami yake, bila daftari. Bibi hukatiza, huongeza, hubisha, na anayesimulia hulazimika kujibu. Mimi nakaa pembeni na kaunta buku naandika jipya lililotoka, maana hapo ndipo wazee wanapokumbuka mambo waliyoyasahau siku ya kurikodi.

Mwezi wa Ramadhani punguzeni kuwa usiku mmoja kwa wiki baada ya tarawehe, hadithi tu. Kamba ikijaa msiivue; fungeni ya pili chini yake, ya ukoo wenu peke yake, kwa shibiri zile zile, ianze leo irudi mpaka kwa mtu wa zamani kabisa mnayemjua kwa jina.